Ng'ombe wa Buluu

14 Septemba

Mvua imeanza. Wanaopanda maharage wanachekelea, mimi nimenuna, maana rangi haikauki. Bango la duka la dawa bado linanata, na mwenye duka amepita mara mbili kulipapasa kwa kidole na kuniachia alama.

Joselyne, binti yangu anayefundisha Bweyeye, ndiye aliyenishauri kuandika haya. Anadai nikipaka rangi huwa naongea peke yangu, kwa hiyo afadhali maneno yangu yapate pa kukaa. Nimekubali kuandika. Kuongea peke yangu sitaacha.

17 Septemba

Ukungu umeondoka mchana, nikaiona Bukavu yote ng'ambo ya maji. Nikisimama mlangoni mwa kibanda changu hapa Kamembe, upande wa Rwanda, naweza kuunyooshea kidole mlima wa Kadutu, nilikokulia. Watu hucheka wakinisikia nasema "kwetu" huku nimeuelekezea kidole mji wa nchi nyingine. Wacheke.

Papa, Mzee Niyitegeka, alikuwa mchoraji kule. Mchana mabango, jioni picha za sebuleni. Siku hizo nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na picha yake ukutani, na picha haikununuliwa tu, iliagizwa. Mtu alikuja akakaa, akaeleza kitu anachotaka kukikumbuka, na Papa akakichora juu ya gunia la unga lililopakwa uji wa muhogo na kukazwa kwenye mbao. Mgeni akiingia, mwenye nyumba alimsimulia picha kabla soda haijafunguliwa. Papa hakuchora kumbukumbu ya mtu ambaye hajaagiza. Alisema ni kama kufungua sanduku la mwenzako.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Mzee Muderhwa, baba wa rafiki yangu Feza. Mzee alimtaka ng'ombe wake aliyemwacha kijijini, Walungu. Kahawia ilikuwa imemwishia Papa. Alibaki na buluu tu, ile iliyosalia alipopaka joho la Bikira Maria pale parokiani, basi akamchora ng'ombe wa buluu, na kengele shingoni. Mzee Muderhwa alimtazama mpaka Papa akaanza kujikuna. Kisha akasema, "Niyitegeka, ni yeye kabisa. Ila amepigwa na baridi."

Toka siku hiyo mtaa mzima ulielekeza njia kwa nyumba ile: panda mpaka kwa ng'ombe wa buluu, halafu kata kushoto. Papa tulimzika kule kule kabla hatujarudi Rwanda, na picha zake nyingi sijui ziliishia wapi. Ng'ombe yule bado yupo. Feza analala naye nyumba moja, na namwonea wivu.

20 Septemba

Feza amekuja. Hupita hapa siku za soko, analeta vitenge na kurudi na nyanya na karoti. Leo aliketi kwenye kigoda changu, vitenge vikiwa bado vimefungwa.

"Balikuya bane," akasema, yaani wanaume wanne wenye bunduki. "Habakupiga hodi. Balikaa mu salon, mabuti juu ya meza, juu ya bitambaa bya Maman. Moja akashika télécommande, akatafuta match. Banasema, 'Maman, tupikie chai.' Mi nikapika. We ungefanya nini?"

"Na bunduki?"

"Babiliegemeza ku ukuta. Chini ya ngombe." Akafuta uso kwa pembe ya kitenge. "Sukari yote balimaliza, Mukabera. Bantu bakubwa beko nakunywa chai ya sukari nyingi sawa batoto."

Tulicheka kwa ile sukari mpaka tukashikana mabega, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Nami nikalia. Halafu akajitwisha beseni la nyanya akaenda kuwahi daraja la mpakani kabla halijafungwa.

24 Septemba

Ule mtandao ninaowekea picha zangu umeniondolea moja. Si mara ya kwanza, ila safari hii wamenishangaza. Picha inaitwa "Karamu": waheshimiwa wenye tai wamezunguka meza ya hoteli wanagawana ziwa letu kama samaki, kila mmoja na kisu chake. Ujumbe unasema imeondolewa kwa sababu inaonyesha vurugu. Vurugu gani? Samaki mwenyewe alikuwa ameshapikwa.

Joselyne ndiye aliyenifungulia ukurasa huo mwaka jana, ili nionyeshe mabango. Mabango hakuna aliyeyatazama. Nilipoanza kuweka picha za mambo yetu, za daraja, za mizani ya ushuru, za mikutano isiyokwisha, ndipo watu wa Bukavu waliotawanyika duniani walipoanza kunimiminikia. Mmoja aliniandikia kutoka kwenye theluji: "Maman, nimeona sufuria ya mama yangu." Kwa maneno kama hayo naweza kuchora mpaka macho yaishe.

28 Septemba

Nachora. Sina muda.

3 Oktoba

Imekwisha. Nimeiita "Wageni". Wanaume wanne kwenye makochi, mabuti juu ya vitambaa vya kufuma, mmoja ameshika rimoti, na mama anaingia na sinia ya chai. Huyo mama nimemchora kwa nyuma ili uso usionekane, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba sikufikiri. Chini nimeandika kama Papa alivyoandika kwenye picha zake, kwa herufi nyeupe: *Hawakupiga hodi.*

Na juu ya bunduki, ukutani, nimemchora ng'ombe wa buluu. Mwanzo ukuta ulikuwa mtupu, nao ulinisumbua. Mkono ukaenda wenyewe. Nilipomwekea kengele nilisikia harufu ya uji wa muhogo na ya sigara za Papa, nikakaa chini nikalia kwa furaha. Sijapata kuchora kitu kizuri kama hicho.

5 Oktoba

Nimeiweka mtandaoni. Sijawahi kuona watu wengi hivi. Wanaandika kutoka Kigali, Nairobi, Ubelgiji, Kanada. "Vitambaa vile alifuma shangazi yangu." "Hii ndiyo salon yetu." Na mmoja, simjui, ameandika: "Hapo si kwa ng'ombe wa buluu, Kadutu? Tulikuwa tunakata kushoto pale tukienda shule."

Nilimjibu mara moja: "Ndipo penyewe, ndugu yangu." Nikaongeza na moyo.

8 Oktoba

Siku ya soko. Feza hakuja. Nilitaka kumwonyesha picha. Mvua kubwa, labda ni hiyo.

9 Oktoba

"Wageni" imeondolewa. Safari hii wanasema nauza silaha. Mimi, Mukabera, ninayeogopa hata kisu cha kuchinjia kuku, nauza silaha. Nimecheka, kisha nimekasirika mpaka nikamwaga tapentaini.

Joselyne amenipigia simu kutoka juu ya kilima, maana Bweyeye mtandao hupatikana pale tu. Anasema mashine ndiyo iliyoona bunduki, ikaamua. "Maman, mashine haijuwe sanaa. Rudisha."

Nimeirudisha.

11 Oktoba

Imeshuka tena.

12 Oktoba

Nimeirudisha. Feza hakuja.

15 Oktoba

Imeshuka. Joselyne anasema hii si mashine peke yake. Mtandao umemwambia wazi kuwa watu wengi wameishtaki picha, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wamepeana zamu.

Watu gani? Nimekaa kutwa nzima nawahesabia dhambi majirani. Wa kwanza ni Munyemana, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu. Wiki iliyopita alisimama hapa na mwavuli wake, akasema kwa upole wake ule wa padri, "Mama Joselyne, ziwa letu ni zuri. Chora ziwa." Nani alimtuma? Toka leo salamu yangu ataitafuta kwa tochi.

18 Oktoba

Munyemana kanisalimia. Nimejifanya nasafisha brashi.

22 Oktoba

Feza hakuja. Mwenzake wa vitenge ameniambia Feza yuko mzima, amevuka jana, amepitia njia ya juu. Ya juu? Ile yenye matope, isiyopita kibandani kwangu? Miaka yote hii hajaipita.

26 Oktoba

Nimeirudisha "Wageni" kwa mara nyingine. Ikaondolewa kabla ugali haujaiva, na ukurasa wenyewe ukafungwa kwa mwezi mzima. Joselyne ameandika rufaa kwa Kifaransa kizuri, karibu nimwonee huruma atakayeisoma.

Mimi nimepanda kitandani na viatu. Si kwa sababu ya picha tu. Wale watu wa mbali walikuwa wakinijia jioni mmoja mmoja na masufuria yao na mashangazi zao, na kibanda kilijaa Bukavu ya zamani. Sasa kuna mvua tu. Leo hata mji wenyewe hauonekani ng'ambo.

30 Oktoba

Mvua. Bango la kinyozi.

2 Novemba

Leo nimejua, na nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Baada ya misa nilikwenda kwa Jolie, binti wa Feza, aliyeolewa hapa Kamembe na anayeuza vocha karibu na stendi. Nilitaka kuuliza habari za mama yake. Jolie aliponiona alisimama mlangoni na mikono kiunoni, yeye ambaye hunikimbilia tangu akiwa na meno ya utoto. Nyuma yake nikamwona Feza, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage.

"Acha aingie," Feza akasema. "Karibu, Maman Joselyne."

Hajawahi kuniita hivyo. Kwake mimi ni Mukabera, au "we" tu. Nikaketi kama mgeni, magoti pamoja.

Nilianza kulalamika upesi, kama mtoto anayetaka kuwahi kusikilizwa. Nikamweleza picha yangu inavyoangushwa, jinsi ukurasa ulivyofungwa, jinsi Munyemana alivyo mnafiki. Feza aliendelea kuchambua. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Haiko Munyemana. Ni siye."

Sikuelewa.

"Ni miye, na Jolie, na bamaman ba chorale, na bale ba bitenge. Kila mara unarudisha, siye tunaangusha. Jolie anatuonyeshaka fasi ya kubonyeza."

Nilimwuliza kwa nini.

"Balirudia," akasema. "Balionyesha miye téléphone. 'Maman, ni wewe unaambiaka bantu vile tunakunywaka chai?' Miye nasema hapana, ile ni nyumba ingine, bitambaa biko mu nyumba zote. Mmoja akasimama. Aliangalia ku ukuta, akaangalia téléphone, akaangalia ku ukuta. Akaanza kucheka." Hapo mikono yake ilisimama. "Ngombe ya bleu, Mukabera. Mu Bukavu mzima ni moja tu. Baba yako alimufanya moja tu."

Maharage yaliendelea kuwa maharage, mvua iliendelea kuwa mvua. Mimi ndani nilikuwa nimeanguka.

"Balikufanyia nini?"

"Balikaa. Baliomba chai tena." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nikapika. Banasema bataendelea kuya, bone kama picha inabakia. Beko naangalia kila siku. Mi niko na nyumba moja, ya baba yangu. Niende wapi?"

Jolie akasema kutoka mlangoni, kwa ukali ambao haukuwa wa heshima lakini ulikuwa wa haki, "Tantine, ulimuuliza Maman kabla ya kuchora?"

Sikumwuliza. Nilikuwa na siku zote za kumwuliza, sikumwuliza, kwa kuwa nilijua moyoni angekataa. Nilijidai kumficha uso, kisha nikampachika anwani ukutani. Na yule mtu wa kwenye mtandao alipouliza kama ni pale, nilimthibitishia mimi mwenyewe, nikaongeza na moyo. Papa alikuwa na desturi moja tu katika kazi yake, nami nimeivunja huku nikijisifu kuwa ninaitunza.

Nikasema, "Nisamehe, Feza."

"Nimesikia," akajibu. Hakusema amesamehe. Akanisogezea upande wa maharage, nikachambua naye mpaka mvua ikapungua.

3 Novemba

Nimemsalimia Munyemana. Amefurahi mno, nikaona aibu. Kumbe alichoniambia kilikuwa ushauri tu.

6 Novemba

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na ningejua wiki iliyopita ningeusema msemo huo kuhusu Feza. Sasa naona nguo ilikuwa yake na mdudu ni mimi.

13 Novemba

Mvua ya mawe. Feza hakuja.

19 Novemba

Joselyne kateremka kutoka Bweyeye kwa ajili ya mapumziko, viatu vyake tope tupu, uso wote ni meno. Simu yake imepata mtandao njiani. "Maman, umeshinda!"

Mtandao umejibu. Wanaomba radhi. Wamekubali kwamba "Wageni" ni kazi ya sanaa yenye umuhimu kwa jamii, wamefungua ukurasa, wameirudisha picha, na hata kama watu wataishtaki tena haitashuka. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaomba usiku na mchana toka Oktoba.

Nilimwomba simu. Picha ilikuwa pale, ng'ombe kapendeza, na tayari watu walikuwa wanaingia kwa pongezi. Yule wa kwenye theluji ameandika: "Asante kwa kutotunyamazia." Nikaisoma mara nyingi.

Halafu nikamsimulia Joselyne ya Feza. Alinisikiliza akiwa amevua kiatu kimoja. Alibisha, kama ninavyotaka abishe. Alisema picha ikiondoka wenye bunduki watakuwa wameshinda, na kwamba watu wengi wameshaihifadhi kwenye simu zao, maji yameshamwagika.

"Lakini beko naangalia hapa," nikamwambia. "Habaangalie kwa bantu bengine. Banaangalia kwangu."

"Maman, hii ndiyo kazi yako nzuri kuliko zote."

"Najuwa."

Nilibonyeza. Simu ikaniuliza kama nina hakika, na haikuniuliza kwa sababu gani. Mashine ilishindwa, wakuu hawakujishughulisha, wanawake wa kwaya walizuiwa, na mwisho aliyeifuta ni mimi, kwa kidole hiki chenye rangi ya kinyozi kwenye ukucha. Joselyne alinishika bega. Kisha tukala viazi.

21 Novemba

Wameanza kunitukana kwenye ukurasa. Mwoga. Umenunuliwa. Yule wa kwenye theluji hajatukana, ameuliza tu: "Maman, imekwenda wapi?" Siwezi kumjibu bila kumtaja mtu. Nimenyamaza, na kunyamaza huku kunaniuma kuliko matusi.

26 Novemba

Siku ya soko. Nilikwenda mwenyewe darajani, nikasimama upande wetu chini ya mwavuli wa Munyemana, ambaye alinipa bila kuuliza. Feza alivuka akiwa na mzigo wa vitenge kichwani. Aliponiona hakugeukia njia ya juu. Tuliteremka mpaka kibandani tukizungumzia bei ya vitunguu.

Ndani akaufungua mzigo. Kitenge cha kwanza, cha pili, na ndani ya cha tatu gunia la unga lililoviringishwa, limekauka, limepasuka pembe moja. Alilikunjua juu ya meza yangu ya rangi.

Ng'ombe wa Papa. Buluu yake imechujuka, lakini kengele bado inang'aa, na pembeni kuna alama ya kidole gumba cha Papa ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeitamani picha hii maisha yangu yote toka turudi Rwanda, na nilikuwa nimejichorea mara elfu siku itakayonifikia. Haikuwa hivi.

"Hawezake kubakia kule, ni yeye anaonyesha nyumba," Feza akasema. "Bakikuya tena na bakute ukuta iko wazi, bataamini miye niliuzisha. Ku daraja baliniuliza ni nini. Nikasema bitenge."

"Na ukuta wako?"

"Inabakia carré mweupe. Moshi ya miaka yote imezunguka fasi yake. Hata batoto ba jirani banauliza." Akakunja vitenge vyake taratibu. Kisha akaketi kwenye kigoda, wima, mikono mapajani, kama walivyoketi wazee wetu mbele ya Papa, nami nikatambua anachofanya kabla hajafungua mdomo.

"Mukabera," akasema. "Niko naagiza picha."

Nikavuta karatasi. Nikamwuliza anataka kukumbuka nini.

"Ngombe," akasema. "Lakini rangi ya ngombe. Sawa ngombe za bantu bote."

4 Desemba

Mvua zimepungua. Maharage yanakaribia kuvunwa. Papa alikosa kahawia. Mimi ninayo kopo zima. Nimemchora taratibu, pembe za kawaida, majani ya kawaida, kengele nikaiacha. Kila nikiinua macho yule wa buluu ananitazama kutoka ukuta wa nyuma, na wateja wanaanza kuniuliza habari zake. Nawasimulia kidogo tu, na siwatajii mtaa.

10 Desemba

Feza amemchukua. Alimtazama kwa muda, akasema amefanana, halafu akamfunga ndani ya kitenge. Mlangoni aligeuka akamuaga yule wa buluu kwa kichwa, kama unavyomuaga mtu mzima, akaenda kuwahi daraja.

Leo hewa ni safi, naiona Kadutu yote, mabati kwa mabati. Nimejaribu kuitafuta ile nyumba nikashindwa kuitofautisha na nyingine. Watu wa kule itabidi watafute namna nyingine ya kuelekezana njia. Namwomba Mungu wasiipate upesi, Feza apumue kwanza.